Picha yako inaitwa IMG-20240315-WA0007? Google haijui unauza kiondo

Umefungua duka mtandaoni. Till iko tayari, bidhaa umezipiga picha mchana kweupe, bei umeandika, na linki umeituma kwa magrupu yote ya WhatsApp uliyomo. Marafiki wamekupongeza. Kisha wiki zinapita na wanaonunua ni walewale mnaojuana. Mtu wa Kisumu au Eldoret anayetafuta kitu kilekile unachouza hafiki kwako, ingawa anakitafuta kwenye Google na pesa anazo kwenye simu.

Huwa tunaandika hapa kuhusu malipo: PIN, ada, till, ujumbe wa uongo. Leo tunarudi nyuma hatua kadhaa, hadi kwenye picha, kwa sababu pesa haziingii kwenye till ambayo hakuna aliyeiona. Tena kuna jambo la pili. Picha hiyohiyo inayokuletea mteja inaweza kumpeleka kwa tapeli, ikiwa umeitengeneza kwa namna ambayo wengi wetu tumezoea. Tutayazungumzia yote mawili.

Google inasoma nini

Huduma ya Google ya kutafuta picha ilianza Julai 2001. Eric Schmidt, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, amewahi kueleza kwamba kilichowasukuma ni gauni la kijani la Versace alilovaa Jennifer Lopez kwenye tuzo za Grammy mwaka 2000. Watu walilitafuta kuliko kitu kingine chochote, na Google ilikuwa na linki za maandishi tu za kuwapa. Watu walitaka kuona, si kusoma. Mnunuzi wa kiondo, wa sofa au wa keki ya harusi ni hivyohivyo: anataka kuona kwanza.

Lakini ili ijue picha inaonyesha nini, Google bado inategemea sana maneno. Ndiyo, kompyuta zake siku hizi zinatambua kwamba hiki ni kikapu na yule ni paka. Haziwezi kujua kwa kukitazama tu kwamba kikapu hicho kimesukwa kwa mkonge, kiko Machakos, na unaweza kukituma Mombasa kwa basi la usiku. Hayo inayatafuta kwenye jina la faili, kwenye maelezo ya picha, kwenye maandishi yaliyo karibu na picha, na kwenye kichwa cha ukurasa.

Hebu angalia majina ya faili za picha zilizo kwenye simu yako. Nyingi zitakuwa na jina kama IMG-20240315-WA0007.jpg. Maana yake: picha ya tarehe 15 Machi 2024, imepitia WhatsApp, namba 7. Hakuna kiondo hapo. Kabla ya kuipakia kwenye tovuti, ipe jina: kiondo-cha-mkonge-mistari-kahawia.jpg. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kubadilisha jina ndani ya programu ya faili, ni kazi ya sekunde chache. Tenganisha maneno kwa kistari cha katikati, si kile cha chini, na usiyaunganishe yote yakawa neno moja refu.

Sehemu ya pili ni ile ambayo tovuti nyingi huiandika "Alt text" unapopakia picha. Wengi huiruka. Awali iliwekwa kwa ajili ya mtu asiyeona, anayetumia programu inayomsomea skrini kwa sauti: ikifika kwenye picha, inasoma ulichoandika hapo. Google nayo inakisoma. Basi andika kama unayemweleza mtu kwa simu: "Kiondo cha mkonge chenye mistari ya kahawia na mikanda ya ngozi." Inatosha. Usiandike "kiondo kiondo bei nafuu kiondo Nairobi kiondo Kenya". Google imekuwa ikionya dhidi ya mtindo huo kwa miaka, na yule asiyeona atasomewa upuzi.

Mteja wako anakiitaje?

Hapa ndipo tungependa ukae kidogo, maana hapa ndipo ulipo mtego wenyewe. Jina unalolipenda wewe huenda silo analoliandika mteja.

Chukua leso. Mombasa ni leso. Ukivuka mpaka uingie Tanzania ni kanga, na mtalii aliyerudi Ulaya atatafuta "kanga". Muuzaji wa Mombasa akiandika leso peke yake, hao wengine watampita. Viatu vya tairi, sisi tunasema akala. Mgeni hajui neno hilo, ataandika kwa Kiingereza kwamba anataka ndara za tairi. Kiondo chenyewe, Mkenya anakiita kiondo hata anapoandika Kiingereza, ilhali mnunuzi wa Marekani anaandika "sisal basket". Na sufuria! Watu wanaandika "sufuria set price in Kenya" na neno sufuria limekaa pale katikati ya Kiingereza bila aibu yoyote.

Kwa hiyo usijilazimishe kuchagua lugha moja kwa sababu ya usafi wa lugha. Andika jinsi wateja wako wanavyosema. Njia rahisi ya kujua: fungua Google, anza kuandika jina la bidhaa yako polepole, na usome mapendekezo yanayojitokeza chini kabla hujamaliza. Hayo yanatokana na mambo ambayo watu huyatafuta kweli. Fanya hivyo kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa mchanganyiko. Maneno mawili au matatu yanayojirudia, yatumie kwenye kichwa cha bidhaa, kwenye sentensi iliyo chini ya picha, na moja kwenye jina la faili.

Ile sentensi iliyo chini ya picha ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Ukurasa wenye picha 40 na bei tupu hauna mengi ya kusomwa na Google. Andika ukubwa, kitu kilichotumika, rangi zilizopo, unakotuma, na siku ngapi kinachukua kufika. Mteja naye angekuuliza hayohayo.

Bando ya mteja

Kamera ya kawaida ya simu, ile ya megapikseli 12, inatoa picha yenye upana wa pikseli 4,000 hivi, na uzito wake unaweza kufika MB 4. Skrini ya simu ya mteja kwa kawaida ina upana wa pikseli 1,080 hivi. Yaani unamtumia gunia zima ilhali ana mfuko wa kilo moja. Ukurasa wenye picha 20 za MB 4 ni MB 80. Mtu aliyenunua bando ya MB 100 ya siku akifungua duka lako, bando imekwisha kabla hajafika kwenye kitufe cha kulipa. Hatarudi, na wala hutajua kwamba alikuja.

Google nayo hupima hili. Kati ya vipimo vyake vya ubora wa ukurasa, kimoja kinaangalia inachukua muda gani kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane, na lengo ni ndani ya sekunde 2.5. Kwenye duka, kitu hicho kikubwa karibu kila mara ni picha. Na Google husoma tovuti kwa jicho la simu, si la kompyuta ya mezani.

Dawa yake ni bure. Squoosh, kifaa kilichotengenezwa na watu wa Google Chrome, kinafunguka ndani ya kivinjari hata kwenye simu, na picha yako haitoki kwenye kifaa chako. Punguza upana uwe pikseli 1,200, chagua JPEG yenye ubora wa 75 au 80, au chagua WebP, aina ya faili ambayo Google iliitoa mwaka 2010 na ambayo kwa kawaida ni nyepesi kuliko JPEG ya ubora uleule. Mara nyingi picha ya MB 4 itashuka chini ya KB 200, na ukizitazama zote mbili kwenye simu hutaona tofauti. Zile picha 20 sasa hazifiki MB 4 zote kwa jumla.

Onyo dogo: usipunguze uzito kwa kujitumia picha WhatsApp kisha kuipiga screenshot. WhatsApp inaibana bila kukuuliza, na screenshot kwenye simu nyingi ni PNG, ambayo kwa picha za kamera huwa nzito bila faida. Unapata picha yenye ukungu na nzito pia. Kama mpiga picha wako yuko mbali, mwambie akutumie kama hati, si kama picha.

Kwa kijana aliyekutengenezea tovuti, mwulize maswali mawili. Je, picha za bidhaa zimewekwa kama picha halisi ndani ya ukurasa, au kama mandharinyuma ya mapambo? Zile za mandharinyuma Google haiziorodheshi. Na je, picha ya kwanza kabisa inapakuliwa mara moja? Zile za chini zinaweza kungoja mteja ashuke, lakini ya kwanza isingoje.

Na kwenye ukurasa wa malipo, toa picha zote kubwa. Ukurasa ukikwama wakati mteja amebonyeza "Lipa", ataona kama hakuna kilichofanyika, atabonyeza tena, na sasa ana maombi mawili ya PIN kwenye simu na wasiwasi juu yake.

Toa till kwenye picha

Tunajua ni mtindo. Picha ya keki, juu yake bei kwa maandishi mekundu, chini till kwa maandishi makubwa ya njano. Ni rahisi, na inasambaa vizuri kwa status. Hata hivyo tunakushauri uache, na sababu ziko tatu.

Kwanza, maandishi yaliyochorwa ndani ya picha si maandishi ya ukurasa. Google yenyewe inashauri usiweke maneno muhimu ndani ya picha, kwa sababu hutayapata yakifanya kazi kama yale yaliyoandikwa kawaida. Bei iandike kwenye sehemu ya bei ya duka lako. Kama unatumia Shopify au WooCommerce, mara nyingi duka huipelekea Google bei hiyo kwa namna inayoeleweka, nayo inaweza kuonyeshwa kwenye matokeo ya utafutaji.

Pili, mteja inabidi asome namba kwa macho na kuiandika upya kwa kidole. Tarakimu moja ikibadilika, pesa zimeenda kwa biashara nyingine, na kurudisha pesa zilizolipwa kwenye till ya mtu si jambo la dakika moja. Namba iliyoandikwa kama maandishi, anainakili na kuibandika. Tena ukibadilisha till mwakani, picha za zamani hazijui. Zitaendelea kuzunguka kwa WhatsApp, kwa Pinterest, kwa matokeo ya Google, zikielekeza watu kwenye till usiyoitumia.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Tapeli anapakua picha yako nzuri, anakata sehemu ya chini iliyo na namba, anaandika ya kwake kwa rangi ileile ya njano. Mteja aliyezoea kuona till juu ya picha zako hashtuki. Umemfundisha wewe mwenyewe kwamba namba ya kulipia inapatikana juu ya picha.

Mfundishe kingine. Weka jina la biashara kwa rangi hafifu juu ya bidhaa yenyewe, katikati, mahali ambapo kulikata ni kuikata bidhaa. Till iwe sehemu moja tu: ukurasa wa malipo, kwa maandishi, pamoja na jina kamili litakalotokea kwenye simu ya mteja kabla hajaweka PIN. Mwambie waziwazi kwamba asipoliona jina hilo, asiendelee.

Mara mojamoja, tafuta picha zako mwenyewe kwa Google Lens. Ukiikuta kwenye ukurasa usioujua, ikiwa na namba isiyo yako, hifadhi ushahidi na anwani ya ukurasa, ripoti kwa mtandao unaouhifadhi, tumia fomu ya Google ya kuomba kazi yako iondolewe kwenye matokeo, na upige ripoti polisi. Utupigie na sisi pia, maana till inayopokea pesa za wizi ni jambo letu.

Wewe unayenunua, Lens ni yako vilevile. Picha ya muuzaji ikitokea kwenye maduka kumi ya nchi tofauti, huenda ni picha ya kiwandani tu na muuzaji ni mwaminifu. Huenda pia bidhaa haipo. Mwombe akupige picha mpya, bidhaa ikiwa karibu na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Aliye na bidhaa atafanya hivyo kwa dakika mbili.

Picha ambazo hazifai kuonekana kwenye Google

Kuna wafanyabiashara wanaoweka screenshot za ujumbe wa malipo kwenye tovuti, ili kuonyesha kwamba watu wananunua. Tafadhali ziondoe. Ujumbe ule una jina la mteja, pengine namba yake ya simu, kiasi alicholipa, saa, na msimbo wa muamala, na wakati mwingine salio lako wewe. Ukiziweka kwenye ukurasa ulio wazi, umeziweka kwenye utafutaji wa dunia nzima. Mtu akipiga simu kwa mteja wako akimtajia alinunua nini, lini na kwa shilingi ngapi, mteja ataamini kwamba ni wewe, na ulaghai wa "tulikurudishia pesa kimakosa" unaanzia hapo.

Nyuso za wateja nazo zinahitaji idhini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ruhusa yake. Uliza kwanza, na jibu liwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa WhatsApp.

Kama unapigia bidhaa picha nyumbani, zima kamera isirekodi mahali. La sivyo faili inaweza kubeba ramani ya mlango wako.

Kama huna tovuti

Status ya WhatsApp haiingii kwenye Google, na baada ya saa 24 imetoweka. Fungua wasifu wa biashara kwenye Google, ni bure, na ndio unaoonekana kwenye ramani mtu akitafuta fundi au duka lililo karibu. Picha zake ziwe JPG au PNG, kati ya KB 10 na MB 5, na Google inapendekeza pikseli 720 kwa 720. Piga mlango kutoka barabarani ili mtu aujue akifika, ndani, na bidhaa zako. Kwenye masoko kama Jiji na Jumia huna uwezo juu ya jina la faili, kwa hiyo nguvu zako ziweke kwenye kichwa cha tangazo na maelezo.

Kwa mwenye tovuti ya zamani yenye mamia ya IMG-WA, usikimbilie kubadilisha majina ya faili zote usiku mmoja. Faili yenye jina jipya ina anwani mpya, na linki za zamani zinaweza kukatika. Anza na maelezo ya picha na sentensi za chini, kwa bidhaa tano zinazouza zaidi. Majina mapya yape picha mpya. Google inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa kuona mabadiliko. Ikishayaona, fungua Search Console, ambayo nayo ni bure, chagua aina ya utafutaji iwe picha, na usome maneno ambayo watu waliandika kabla ya kuona kiondo chako. Ukikuta neno ambalo hukuwahi kulifikiria, liweke kwenye maelezo ya picha inayofuata.